Binti yetu ataka kusomea epidemiolojia ya saratani: ni kazi ya maana au ni kuhesabu maiti?

#1 MjombaWaKibokoni

Salaam aleikum wadau.

Mpwangu, binti wa dadangu, amemaliza digrii ya takwimu mwaka jana. Sasa amepata nafasi ya uzamili wa epidemiolojia, elimu ya maradhi yanavyoenea katika watu na kwa nini, na asema wazi kwamba ataka kuchunguza visababishi vya saratani, hiyo ndiyo kazi ya maisha yake. Babake naye ameshamzungumzia kazi ya ofisini huku bandarini, ya mshahara wa kila mwezi na bima ya familia. Nyumba imegawanyika pande mbili, na mimi kama mjomba naambiwa nitoe neno.

Nitasema ninavyoona, nanyi mnirekebishe. Tangu nipate akili nawasikia wataalamu hawa wakisema "huenda". Nyama huenda, simu huenda, moshi huenda. Mtaani kwetu twazika watu wa saratani ya koo, ya matiti, ya ini, na sijaona hata mmoja aliyekuja kupiga hodi akauliza marehemu alikula nini na alifanya kazi gani. Daktari anatibu, mtu wa maabara anapima, lakini huyu wa epidemiolojia anahesabu waliokwisha kufa. Kuna yeyote aliyeifanya kazi hii maisha yake yote, akafika mahali akasema "sababu ni hii", na watu wakanusurika kwa ajili yake?

#2 FundiWaLikoni

Bandarini. Kazi ya bandari ikikupita haikurudii, masomo yapo siku zote.

#3 Abu_Takwimu

Wa aleikum salaam. Mjomba, swali lako la mwisho lina jibu, na jibu lenyewe lina jina: Richard Doll.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vifo vya saratani ya mapafu Uingereza vilikuwa vimepanda vibaya na hakuna aliyejua kwa nini. Doll alifanya kazi na Austin Bradford Hill, ambaye hakuwa hata daktari, alikuwa mtu wa takwimu kama huyo mpwao. Wakapeleka wahoji kwenye hospitali za London, wakawauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wa maradhi mengine maswali yale yale. Doll mwenyewe alikuwa akishuku lami ya barabara na moshi wa magari. Matokeo yalitoka 1950: kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiowahi kuvuta sigara walikuwa 2 tu. Doll alikuwa mvutaji. Akaacha.

Watu wakapinga, wakasema mgonjwa hukumbuka kwa namna yake. Basi 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza wakiwa wazima, wakawauliza juu ya sigara. Zaidi ya 40,000 wakajibu, nao wakaanza kuwafuata, nani anakufa na kwa ugonjwa gani. Walifuatwa miaka 50. Ripoti ya 2004 Doll aliiandika akiwa na umri wa miaka 91: anayevuta maisha yake yote hupoteza wastani wa miaka 10 hivi, na anayeacha akiwa na miaka 30 huiokoa karibu yote. Mwaka uliofuata akafariki.

Hao madaktari hawakuwa maiti walipoanza kuhesabiwa, mjomba.

#4 ShaabanMagongo

Shukran ustadh, umeeleza ukaeleweka. Lakini Doll huyo huyo, mwaka 2006, magazeti ya kwao yalitoa habari kwamba kwa miaka mingi alikuwa akilipwa ada ya ushauri na kampuni ya kemikali, huku akitoa maoni juu ya kemikali hizo hizo. Hilo mbona umeliruka?

Na la pili, hao ni Wazungu na sigara zao. Sisi huku nani ametuhesabu?

#5 Abu_Takwimu

Ni kweli Shaaban, na ni doa lisilofutika. Upande wa pili nao ulikuwa na lake: Ronald Fisher, bingwa wa takwimu ambaye mbinu zake tunazifundisha mpaka leo, alikataa hadi anakufa kwamba sigara ndiyo inayoleta saratani, naye alikuwa mshauri wa watengenezaji wa sigara. Ndiyo maana siku hizi majarida humtaka mwandishi aseme nani amemlipa. Binti atakutana na hilo mapema, kwa sababu mara nyingi unayemchunguza ndiye mwenye pesa.

#6 MsomajiWaMakadara

Shaaban, tumehesabiwa, tena zamani. Palikuwa na daktari Mwingereza, Denis Burkitt, akifanya upasuaji Mulago, Kampala. Alikuwa akiletewa watoto wenye uvimbe wa taya, meno yanalegea, uso umevimba pande zote mbili. 1958 akaandika juu yake. Kisha akachapisha vikaratasi vyenye picha za uvimbe huo, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza tu: mmeuona huu kwenu? Kila jibu lililorudi alilitia alama kwenye ramani ukutani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda Ford kuukuu, wakatoka Kampala wakateremka mpaka Afrika Kusini, maili 10,000 hivi, wakipita hospitali hadi hospitali. Ndipo akagundua kirusi kinachosababisha.

Kwa pesa ndogo sana, na hakusomea hiyo epidemiolojia popote.

#7 DaktariWaTanga

Mkuu #6, hongera kwa kumkumbusha mzee huyo, ila marekebisho mawili. Burkitt ni mtu wa Enniskillen, Ireland, wala si Mwingereza. Na jicho moja alilipoteza utotoni, ramani yote ile aliiona kwa lililobaki.

Kirusi hakukigundua yeye. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Epstein alihangaika navyo muda mrefu bila kuona kitu. Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester, na sampuli ilipofika maji yake yalikuwa na ukungu kama yaliyoingiwa na bakteria. Mtu mwingine angeyamwaga. Yeye akatia tone chini ya darubini, akakuta ni seli za uvimbe zinaelea, zi hai. Kutokana na seli za namna hiyo zilizooteshwa maabara, 1964 yeye na Achong na Barr wakakionyesha kirusi.

Lakini kwangu mimi ramani ndiyo yenye utamu. Sehemu za juu zenye baridi, uvimbe haupo. Sehemu za chini zenye joto na mvua, upo. Na hili liwaguse watu wa Pwani: Burkitt aliona kwamba Unguja na Pemba ugonjwa ule ni nadra, ilhali bara ng'ambo upo. Visiwani mbu wa malaria walikuwa wamepigwa vita. Kirusi chenyewe karibu kila mtu duniani anacho mwilini, mtoto wa London na wa Tanga sawa. Tofauti ikaanza kutazamwa kwenye malaria ya mara kwa mara inayochosha kinga ya mtoto. Mwaka 2012 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, ukaiweka malaria ya namna hiyo katika kundi la "pengine husababisha".

#8 MjombaWaKibokoni

Kwa hiyo toka 1958 hadi 2012, na neno ni "pengine". Hamjanitoa bado. Ila hiyo ya Pemba sikuijua, nimemsomea babake kwa sauti.

#9 NesiMstaafuTudor

Nimefanya kazi wodini mpaka nikastaafu, wapi sitasema. Naomba niseme kitu ambacho hawa mabingwa wa London hawakukumbana nacho.

Rejista ya wodi ina safu: jina, umri, jinsia, makazi, kazi, ugonjwa. Safu ya kazi ndiyo iliyokuwa ikiniuma. Mzee amekwangua kutu na kupiga rangi meli ujana wake wote, ameandikwa "hana kazi" kwa sababu siku anayolazwa hana kazi. Wanawake wote ni "mama wa nyumbani", hata yule ambaye tangu kuolewa amekaa mbele ya karai la viazi na bajia, moshi wa kuni ukimwingia mchana kutwa. Makazi: "Mombasa". Mombasa ipi? Chaani si Kizingo. Umri: "mtu mzima". Na wale wanaofia nyumbani, kibali cha kuzika kinatoka kwa naibu chifu, sababu ya kifo inaandikwa vile watu wa nyumbani walivyosema: kuugua kwa muda mrefu.

Nilikuwa nikiuliza mwenyewe na kuandika kwa penseli pembeni: "rangi ya meli, miaka mingi". Mwenzangu akaniambia najichosha, hakuna atakayesoma. Huyo binti ndiye ambaye angesoma. Nampa baraka zangu aende, bora tu ajue kwamba kabla ya kompyuta itambidi akae na karani wa rekodi.

#10 KijanaBamburi

Mnazunguka sana. Sababu inajulikana, ni minara ya simu. Jirani yetu amekodisha paa lake kwa mnara, na nyumba zinazouzunguka watatu wameshapata saratani. Watatu! Hiyo si takwimu?

#11 BintiUtafiti_Kilifi

Habari wote. Mimi nafanya kazi ya utafiti wa jamii huku Kilifi, si wa saratani, lakini mbinu ni zile zile.

@KijanaBamburi, pole kwa majirani. Swali la kwanza ambalo ningeuliza: ni saratani gani, tatu za aina moja au matiti, tezi dume na damu? Saratani si ugonjwa mmoja. Swali la pili: walihamia lini na mnara ulisimamishwa lini? Uvimbe mwingi huchukua miaka mingi toka chanzo mpaka dalili. La tatu ndilo gumu kuliko yote: ukiona wagonjwa kwanza kisha ndipo uchore mpaka kuwazunguka, mtaa wowote mkubwa utakupa watatu. Inabidi mpaka uchorwe kabla.

Mawimbi ya simu IARC waliyaweka kundi la 2B mwaka 2011, yaani ushahidi ni hafifu lakini hawakuweza kuupuuza. Na hapa watu hukosea kila siku: makundi hayo yapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Soseji na nyama za kusindikwa ziko kundi la 1 tangu 2015, kundi moja na sigara, kwa maana kwamba ushahidi umetosha. Haina maana soseji moja ni sawa na sigara moja.

#12 FundiWaLikoni

Sasa mmetuharibia smokie na kachumbari.

#13 MkaaziMikindani

Mimi naona mnara ni mbali, niulizeni sisi tulio karibu na kijiji cha Owino Uhuru, hapa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi toka 2007 mpaka kikafungwa 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi usiku, maji machafu yapita mlangoni, watoto wacheza humo. Mama Phyllis Omido alipiga kelele baada ya mtoto wake kupatikana na madini ya risasi kwenye damu, akapewa tuzo ya Goldman 2015. Mahakama 2020 ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ikaenda rufaa, ikarudi, Mahakama ya Juu ikathibitisha Desemba 2024.

Watu wetu waliokufa, wengine kwa saratani, nani atatuambia kama ni risasi ile? Mimi nasema ndiyo. Hamtaniondoa hapo.

#14 DaktariWaTanga

Pole sana mkuu. Nitasema ninachokijua bila kukupunguzia uchungu. Madhara ya risasi yaliyo wazi kabisa ni ubongo wa mtoto, damu, figo, mimba kutoka. Kwa saratani, misombo ya risasi isiyo ya kikaboni imo kundi la 2A tangu 2006, yaani "pengine". Shida ni idadi: kijiji cha watu kama 3,000, saratani za aina mbalimbali, na wengine wameshahama. Hata kama risasi imeongeza saratani, hesabu yaweza isiionyeshe, na hesabu kutoonyesha si sawa na risasi kuwa haina hatia. Mahakama haikungoja saratani, sumu ilikuwa imepimwa kwenye damu na udongo, ikatosha.

#15 MkaaziMikindani

Hilo la mwisho lingesemwa mapema lingetusaidia. Asante daktari.

#16 BiKhadija_MjiWaKale

Assalam aleikum wanangu. Nimesoma toka juu mpaka hapa na hakuna aliyetaja tambuu. Mombasa hii! Kila harusi tambuu, kila msiba tambuu. Jani la mtambuu, chokaa, katu, popoo, na wengine waongeza tumbaku. Dadangu mkubwa alianza kwa kutia shavuni baada ya chakula, akafika mahali analala nayo. Mdomo ukaanza kukaza, kijiko cha uji hakipiti vizuri, alipokwenda kwa daktari wa meno akaonekana kidonda cheupe ndani ya shavu. Ilikuwa saratani. Daktari yule ndiye aliyemuuliza ni upande gani ulikuwa ukiweka tambuu. Ulikuwa ule ule.

Mamangu naye alitafuna mpaka akafa mkongwe, hakuugua mdomo. Nielezeni.

#17 ShaabanMagongo

Bi Khadija, Allah amrehemu dadako. Na wewe je umeacha? Maana pale barazani mdomo wako twaujua ulivyo mwekundu.

#18 BiKhadija_MjiWaKale

Nimeacha popoo na tumbaku, nimebaki na jani na hiliki. Usinichunguze, mchunguze mamako.

#19 BintiUtafiti_Kilifi

Shikamoo Bi Khadija. Hili ndilo lililosumbua watafiti vilevile. Mwaka 1985 IARC walisema tambuu yenye tumbaku ni kisababishi. Isiyo na tumbaku walikuwa hawana uhakika, maana watafunaji wengi wa India huitia. Ushahidi ulioongezeka, mwingi ukitoka sehemu kama Taiwan ambako hutafuna bila tumbaku, ndio uliowafanya 2004 waseme hata bila tumbaku, popoo yenyewe ni kisababishi, kundi la 1. Na huko kukaza kwa mdomo ni dalili inayojulikana ya popoo, huja kabla ya saratani kwa wengine.

Kuhusu mamako: wavuta sigara wengi pia hawapati saratani ya mapafu. Tunalinganisha makundi, mtu mmoja mmoja hatuwezi kumtabiria. Najua jibu hilo halimridhishi mfiwa.

#20 Chepkoech_Nyali

Mimi ni mtu wa Bomet, nimeolewa huku. Kwetu saratani ya koo la chakula imechukua watu wakiwa bado vijana, wa miaka thelathini. Walianza kulaumu mursik, maziwa yetu ya mgando, kila mtu akaja na mursik. Kisha wakasema chai moto. Kisha moshi wa jikoni. Kisha pombe. Kisha damu ya ukoo. Nimechoka.

#21 DaktariWaTanga

Dada, kuchoka kwako kuna haki. Saratani hiyo ina ukanda wake, toka Ethiopia yateremka Kenya, Tanzania, Malawi, mpaka Afrika Kusini, na magharibi mwa Afrika ni nadra. Kwa nini, bado wanagombana. IARC wamefanya utafiti Eldoret, mji wa Moshi kule Tanzania, na Malawi, wakilinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Huko Moshi walikwenda majumbani na vipimajoto: mtu anajimiminia chai kama kawaida yake, na unapofika wakati wake wa kupiga funda la kwanza, joto linasomwa. Wengi walianza wakiwa kwenye nyuzi 70 hivi. Kikomo cha IARC, 2016, ni kwamba vinywaji vilivyozidi nyuzi 65 "pengine" huleta saratani hiyo.

#22 FundiWaLikoni

Na kahawa chungu ya pale Makadara je? Ile yatoka kwenye dele juu ya makaa, kikombe chenyewe chaunguza vidole.

#23 DaktariWaTanga

Kikombe chake ni kidogo, hupoa upesi. Lakini hakuna njia ila kutia kipimajoto.

#24 Abu_Takwimu

Hapo ndipo nataka mjomba atazame vizuri, maana ndiyo kazi yenyewe. Chepkoech ametaja sababu tano na huenda tatu zikawa za kweli kwa pamoja. Anayekunywa chai moto sana ndiye pia anayepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, ndiye pia asiye na pesa ya matunda. Vyote vinatembea pamoja. Kuvitenganisha ni sawa na kutenganisha nazi na wali uliokwisha kupikwa, na binti atalipwa kwa hilo.

#25 AskariWaReli

Mnasahau paa. Nyumba nyingi za zamani za reli na za serikali ziliezekwa asbesto, mpaka leo zipo, mabati yamepasuka, watoto wayatumia kuchorea chini kama chaki. Nilikaa humo toka utotoni.

#26 Abu_Takwimu

Hii ni muhimu. Chris Wagner na wenzake, 1960, waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu, kutoka machimbo ya asbesto Afrika Kusini. Miongoni mwao walikuwapo ambao hawakuchimba chochote, waliishi karibu tu, au walicheza kwenye marundo wakiwa watoto. Ugonjwa uliwajia miaka mingi baadaye, kwa kawaida ni 30 au 40. Kenya ilipiga marufuku asbesto 2006, lakini paa halikuteremka lenyewe. Likiwa zima si hatari sana, likisagika ndipo vumbi linapopumuliwa. Waambieni watoto waache chaki hiyo.

#27 TibaMujarabuPwani

(Ujumbe umeondolewa na msimamizi)

#28 Msimamizi

Biashara ya dawa za kuponya saratani hairuhusiwi kwenye uzi huu. Endeleeni.

#29 MwalimuKwale

Huku Msambweni hamjatufikia. Kichocho! Mtoto akikojoa damu zamani tulisema ni kubaleghe. Wadudu wake wanaishi kwenye konokono wa mabwawa, wanaingia kwa ngozi ukioga, mayai yanakwama kwenye kibofu miaka na miaka. IARC walisema wazi 1994: kundi la 1, saratani ya kibofu. Hapo hakuna "huenda", mjomba. Na hata aina ya seli za saratani hiyo mara nyingi ni tofauti na ile ya wavuta sigara, kwa hiyo ukitazama kipande chini ya darubini unapata fununu imetoka wapi. Dawa ya kichocho ni vidonge vya siku moja, shuleni tunawagawia watoto. Nikiwashika foleni na vikombe vya maji najua nazuia nini.

#30 ShaabanMagongo

Na muguka, ndugu yake miraa? Gavana alipiga marufuku 2024, watu wakaenda kortini.

#31 BintiUtafiti_Kilifi

Muguka yaharibu usingizi, akili na mifuko. Kwa saratani ushahidi haujafika popote pa kusimama. Tusiitwike kila kitu.

Niseme juu ya sumukuvu, yaani aflatoxin, sumu ya ukungu wa nafaka, kwa kuwa sisi sote twala sima. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 Makueni na Kitui, lakini hiyo ni sumu ya papo hapo. Ile ya kidogo kidogo ndiyo ya saratani ya ini. Shanghai walichukua mkojo wa wanaume zaidi ya 18,000 wazima, wakautia kwenye friza, wakangoja. Walipoanza kuugua ini, mkojo wao wa zamani ukatolewa ukapimwa. Mwenye dalili za sumukuvu peke yake, hatari mara 3 hivi. Mwenye homa ya ini aina ya B peke yake, mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Kurasa na kurasa za mabishano zilikwisha kwa mkojo wa friza.

Sasa kuhusu maisha ya kazi, maana mjomba aliuliza. Asubuhi ni dodoso: limejazwa vibaya, umri haulingani na mwaka wa kuzaliwa, mhoji ameruka ukurasa. Kabla ya hapo ni miezi ya kibali cha maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ajira nyingi ni mkataba wa mradi, mradi ukiisha unatafuta mwingine. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, watu wenye uzamili na uzamivu walirudi nyumbani na maboksi yao. Sitamficha mtu hilo. Kaunti nazo huajiri wa ufuatiliaji wa maradhi, lakini nafasi ni chache. Kwa upande wa pili, mwenye takwimu hasa, si cheti tu, hutafutwa.

#32 FundiWaLikoni

Nilisema nini #2?

#33 MamaWawili_Kisauni

FundiWaLikoni, ngoja. Binti zangu wote wawili wamechanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, chanjo ile ya wasichana wa miaka 10 ambayo nchi nzima ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019. Maneno niliyoyasikia! Kwamba watakuwa tasa, kwamba ni ya kupunguza Waislamu. Nikauliza imetoka wapi.

Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyekikamata kirusi kwenye uvimbe, akapewa Nobel 2008. Lakini aliyezunguka nchi hadi nchi kuthibitisha kwamba kirusi kimo karibu kila penye saratani ya mlango wa kizazi, na ni aina gani zinazofaa kuwekwa kwenye chanjo, ni mwanamke wa Cali, Colombia, Nubia Muñoz, mtaalamu wa epidemiolojia. Hakutoka nchi tajiri. Mjomba aliuliza kama kuna mtu. Huyo ni mtu, na sindano yake iko begani mwa wanangu.

#34 KijanaBamburi

Kirusi cha zinaa kwa mtoto wa miaka 10, hiyo bado sielewi.

#35 NesiMstaafuTudor

Kwa sababu chanjo huja kabla ya ugonjwa, mwanangu. Pepopunda pia huchanjwi baada ya kukanyaga msumari tu. Na muguka, minara, vyote hivyo mwaviogopa, lakini wanawake niliowaona wakifa wodini kwa mlango wa kizazi ni wengi kuliko niwezavyo kuandika hapa, nao walikuja wamechelewa, wanavuja, waume wamewakimbia. Makadirio ya GLOBOCAN, hesabu ya saratani duniani ya IARC, ya 2020 kwa Kenya yalikuwa wagonjwa wapya 42,116 wa saratani za kila aina na vifo 27,092. Ni makadirio, kwa sababu ya rejista kama zile nilizozieleza #9.

#36 MjombaWaKibokoni

Nimesoma yote, wallahi. Babake binti pia amesoma, amenyamaza, na kwake kunyamaza ni hatua. Binti mwenyewe amepitia uzi huu jana usiku, ameniomba niulize: akienda, tasnifu yake aifanye juu ya nini? Yeye alikuwa anafikiria risasi ya Mikindani.

#37 MkaaziMikindani

Aje. Tutampokea nyumba kwa nyumba.

#38 DaktariWaTanga

Kwa uzamili risasi na saratani ni mzigo mkubwa, hatamaliza. Koo la chakula kwa watu wa Pwani, alinganishe na wa bara wanaoishi Mombasa hiyo hiyo. Kama ni chai au jiko, waliohamia na tabia zao wataonyesha. Kama ni udongo wa kwao, hawataonyesha.

#39 Chepkoech_Nyali

Au ni damu. Mbona damu mwaikwepa kila mara?

#40 NesiMstaafuTudor

Aanze na rejista moja, safu ya kazi, aone ni ngapi zimeandikwa "hana kazi". Bila hiyo hakuna tasnifu ya mtu yeyote.

#41 BiKhadija_MjiWaKale

Tambuu. Watafunaji wa tumbaku na wasiotia tumbaku sisi tuwajua kwa majina, na kwa mlango. Lakini amtume mwanamke kuhoji. Mwanamume hataambiwa kweli.

#42 BintiUtafiti_Kilifi

Bi Khadija, hilo ni swali zuri kuliko yote uzini, kwa sababu wote wawili, wanaotia na wasiotia, wapo mtaa mmoja na chakula kimoja. Ila saratani ya mdomo kwa mtaa mmoja itakuwa na wagonjwa wachache mno. Aanze na huko kukaza kwa mdomo, kunapimika kwa rula: umbali wa meno ya juu na ya chini mtu akifunua kikomo chake. Mjomba, mwambie binti anitumie ujumbe wa faragha, nina dodoso la kuanzia.

#43 ShaabanMagongo

Na kahawa ya Makadara atapima nani?

#44 FundiWaLikoni

Mimi. Niazimeni kipimajoto.